Kutu ya Reli, Kutu ya Ngano

Nilizaliwa mwoga. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kujidharau. Nasema tu kama mtu mwingine anavyosema alizaliwa na vidole sita. Kwetu Bondeni, mjini Nakuru, nyumba za baraza la mji zilibanana, na garimoshi lilipopiga honi kule stesheni kaka zangu waligeukia ukutani wakaendelea kulala. Mimi nilikaa kitako nikingoja ajali. Niliogopa mbwa, niliogopa sindano, niliogopa maji ya mtaro, niliogopa hata mchana ukiwa kimya mno. Kaka zangu walinitania mpaka wakachoka wenyewe. Aliyenitetea ni mama, na utetezi wake ulikuwa methali moja tu: "Mwacheni huyo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpe kazi ya kufuga ugonjwa.

Kazi yenyewe niliipata mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipotoka shule, katika kituo kimoja cha utafiti wa ngano upande wa Njoro. Walikuwa wanatafuta msichana mwenye macho makali na mikono mitulivu. Macho nilikuwa nayo. Mikono niliificha mgongoni siku ya kuulizwa maswali, na kwa bahati hakuna aliyetaka kuiona.

Ugonjwa tuliofuga ni kutu. Aliyewahi kulima ngano hahitaji kuelezwa. Asiyelima na ajue kwamba kutu ya ngano ni kuvu, kitu hai, kinachoingia ndani ya jani na shina, kikala humo kimyakimya, halafu kikaipasua ngozi ya mmea na kutoa unga mwekundu wa rangi ya matofali. Unga huo ukipata upepo husafiri mbali kuliko mtu. Shamba utaliona linameremeta Jumapili hii, na baada ya majuma machache linaanguka chini, na ukipura unapata punje zilizokunjamana ambazo hata kuku huzikataa.

Watu wa mashambani walikuwa wanangoja kutu ije. Sisi tuliiita. Mtaalamu anayetengeneza mbegu mpya hawezi kungoja msimu mzima ili ajue ipi itasimama na ipi itaanguka, kwa hiyo tulipanda punje chache chache ndani ya makopo, katika nyumba ya vioo. Mche ukishatoa jani lake la kwanza, nililishika kwa vidole vilivyoloa maji nikalisugua polepole, kuondoa ile nta inayofanya maji yateleze. Kisha tuliurushia unga wa kutu na kuufunika usiku kucha ndani ya pipa lenye magunia mabichi, ili upate umande wa kutosha. Baada ya hapo ni kungoja. Katika juma la pili tunakuja kusoma.

Tulisema hivyo hivyo, kusoma. Sifuri ilikuwa jani lisilodhurika. Moja na mbili zilikuwa vipele vidogo vyenye pete iliyopauka, dalili kwamba mche unapigana. Tatu ilikuwa ya wasiwasi. Nne ilikuwa vipele vikubwa vinavyomwaga unga, mche umekubali kuliwa. Kulikuwa na alama moja niliyoipenda kuliko zote: kidoa kikavu, kidogo sana, kama jani limeguswa na ncha ya sindano ya moto. Hapo mche umeua kipande chake wenyewe ili kuvu iliyo ndani ife njaa. Wageni waliotutembelea waliviona vidoa hivyo wakasema masikini, huu nao umeshikwa. Kumbe huo ndio uliopona.

Jani lililonitisha ni lile safi kabisa, lisilo na hata kidoa. Laweza kuwa la mche hodari, na laweza kuwa la mche ambao kutu haikuufikia kamwe, labda kwa sababu kidole changu kiliuruka. Ukilisifu jani kama hilo, mbegu yake itapandwa na watu, na watu watalia. Ndiyo maana katika kila trei tulichanganya miche ya ngano moja dhaifu sana, ambayo isipochafuka unajua kutu haikufika na kazi yote ni bure. Mkubwa wangu alikuwa akinikumbusha kila mara, "Wewe ona jani safi, wewe ogopa kwanza." Sikuhitaji kukumbushwa.

Mkubwa wangu huyo alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa hapo hapo Nakuru, mtoto wa mwenye duka la vyuma. Alikuwa amesoma ng'ambo akarudi na shahada kubwa, na sote tulimwita Daktari. Jina hilo lilimletea taabu, kwa maana akina mama wa Njoro walikuwa wakija na watoto wenye kikohozi wakamngojea kwenye ngazi. Aliwapa chai na kuwaelekeza zahanati.

Kituo kilikuwa na sheria, na mimi nilizishika kuliko walivyozishika waliozitunga. Ukiwa umeingia chumba cha kutu, siku hiyo huendi kwenye mashamba ya majaribio. Unavua ovaroli, unaoga, unaosha nywele, unavaa nguo nyingine kabisa. Wenzangu waliosha nywele siku mkubwa akiwapo. Mimi niliziosha mpaka ngozi ya kichwa ikauma, kwa sababu kila Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa baba, na baba alikuwa mkulima wa ngano.

Inafaa niseme habari za baba. Maisha yake yote alikuwa mtu wa karakana ya reli. Hakuwa fundi wa injini. Kazi yake ilikuwa kukwangua kutu kwenye mabehewa, kupiga msasa, kisha kupaka rangi. Jioni alirudi Bondeni na mikono myekundu hadi kwenye viwiko, na mama hakumkubalia aguse kiti wala mtoto kabla yeye mama hajampangusa kwa tambara lenye mafuta ya taa. Harufu ya mafuta ya taa kwangu ndiyo ilikuwa harufu ya baba amefika.

Alipostaafu, yeye na wenzake waliungana wakanunua shamba la mzungu aliyekuwa anahama, wakaligawana. Kipande chake kilikuwa kwenye mteremko wa Mau, juu ya Elburgon, mahali penye baridi ya kung'ata na udongo mweusi. Kila alichopewa na reli alikizika humo. Mtu aliyeishi kwenye nyumba za watu tangu ujana, leo ana kipande chake. Akatunga sheria yake mwenyewe. Hakuna mtu kuingia nyumbani kabla ya kusalimia shamba. Unafika, unaweka mzigo langoni, unaingia katikati ya ngano, unaigusa kwa mkono, unasema "Hujambo, shamba," ndipo unakaribishwa chai. Mhubiri alisalimia. Mnunuzi wa viazi alisalimia. Mama alisema mzee amezeeka vibaya, lakini yeye pia alisalimia kila alipotoka sokoni.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua ilikuja vizuri na haikutaka kuondoka. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya ngano mpaka saa nne. Kila mtu alifurahi isipokuwa sisi wa nyumba ya vioo. Siku moja akaja mkulima mmoja na mashina ya ngano yaliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, na hakuonekana na wasiwasi wowote. Alisema ameona tu uwekundu kidogo pembeni mwa shamba akapita kuuliza. Nikafungua gazeti, unga ukanidondokea mkononi.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kule juu ya Elburgon. Unajua ile kinu ya kupasulia mbao ya zamani? Hapo juu yake tu."

Nilipajua. Kutoka kwenye kinu kile, ukipaza sauti, baba anakuitikia.

Ninachotaka kieleweke ni mbegu iliyokuwa imepandwa kule. Mteremko mzima, baba akiwemo, walikuwa wamepanda aina moja ya ngano, na hawakuwa wajinga kuichagua. Tangu nianze kazi, miche ya ngano hiyo ilikuwa ikisomwa kidoa cha sindano, kila mara, bila kutuaibisha. Kama kuna kitu hapa duniani ambacho sikukiogopa, ni ile ngano.

Daktari alisema tuzalishe kutu ile ya kwenye gazeti, kisha tuijaribu kwenye mbegu zote tulizo nazo. Nikasugua majani, tukarusha unga, tukafunika, tukangoja. Asubuhi ya kusoma niliianza trei kutoka mwisho wa mbali, makusudi, ili nichelewe kuifikia ile ngano. Nilipoifikia nilidhani nimechukua kopo lisilo lake. Majani yalikuwa mekundu. Vipele vilikuwa vikubwa, vimepasuka, vinamwaga, na hakuna hata pete moja ya kupauka kuonyesha kwamba mche umejitahidi. Nilisoma nne. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikasoma nne.

Daktari aliinama juu ya trei kwa muda mrefu. Aliposimama alikuwa ameacha kuvuta ndevu zake kama kawaida yake, na kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Rudia," akasema. "Usiambie mtu bado. Sisi tukisema, watu nasikia kama mungu amesema."

Jumamosi ile nilioga mara mbili. Nilivaa gauni lililokuwa limekaa sandukuni tangu Krismasi. Hata hivyo, nilipofika langoni kwa baba na kuiona ngano yake inayumba, kijani kibichi, imefika kiunoni, miguu yangu ilikataa. Je, kama punje moja ya unga ule imebaki nyuma ya sikio? Je, kama imekaa kwenye kucha? Nikaweka kikapu chini, nikapita ukingoni moja kwa moja hadi mlangoni.

Baba alikuwa ananitazama kutoka barazani.

"Umesahau kitu," akasema.

"Leo sisalimii, baba."

"Wewe mkubwa kuliko pasta?"

"Baba, nimetoka kazini. Naogopa kuleta kutu."

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme, na nilikuwa nimesema. Baba aliweka kikombe chini. Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Basi nikawaeleza, kwa kunong'ona kana kwamba ngano ingesikia, kwamba mbegu yao tumeijaribu na kutu mpya, na imesoma nne.

Uso wa baba ukafunguka. "Nne!" akasema, akamgeukia mama. "Nne si mbaya. Si huyu alikuwa namba nne darasani, tukamchinjia kuku?"

Kweli walinichinjia kuku. Nilikuwa darasa la saba, na nilikula paja peke yangu. Nikasimama pale nikitafuta maneno ya kumwambia mzee wangu kwamba kuna nne nyingine, na nilipoyapata niliyasema vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Nikasema hii nne ndiyo ya mwisho, baba. Ni ile ya kuanguka.

Baba akaitazama mikono yake. "Kutu mimi naijua," akasema. "Hiyo nimepigana nayo tangu hujazaliwa. Usiniogopeshe na kutu."

Nikajaribu kumwambia ni jina tu linalofanana. Alinikatiza kwa mkono na kuomba chai nyingine, na mazungumzo yakageukia ndoa za watu wengine.

Baada ya majuma mawili bila mimi kwenda kwa baba, tulisoma miche ya kurudia. Nilifanya kila kitu kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Ile ngano dhaifu ilichafuka kama ilivyotakiwa. Nyingine kadhaa zilitoa kidoa cha sindano, Mungu azibariki. Ngano ya baba ilisoma nne.

Nilimfuata Daktari ofisini nikamwambia yote: baba, mteremko, kuku, na jinsi nilivyoogopa kuingia shambani. Nilitegemea anigombeze kwa kusema mapema. Alivuta kiti akanikalisha.

"Sikia," akasema. "Hii kutu haitoki nywele yako. Hii ilitoka kule kwao, sisi tulileta hapa. Upepo ya kule iko nayo tayari. Hiyo moja." Akainua kidole cha pili. "Mbili, mche ni mtoto. Iko ngano nashindwa ikiwa mtoto, halafu ikikua napata nguvu yake, nasimama. Si nyingi, lakini iko. Mche nakwambia kitu ya kuogopa, hakwambii kila kitu. Enda shambani, soma mmea mkubwa. Soma shina."

Maneno yake ya pili yangenipa tumaini, lakini mimi si mtu wa tumaini. Yalinizidishia hofu tu. Mpaka hapo nilikuwa na jambo moja la kuogopa. Sasa nilikuwa na mawili, na la pili ni kwamba ningeweza kukosea. Chini ya shamba la baba kulikuwa na jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, na kila mwaka alinunua ngano mbichi ili aikaushe iwe chakula cha mifugo, ila lazima ikatwe kabla punje hazijajaa. Wakati huo ulikuwa karibu sana. Baba akikata na kutu isije, amejinyang'anya mavuno kwa mkono wake. Asipokata na kutu ije, hana ngano wala majani. Na niliyetakiwa kusema ni mimi, niliyekuwa nikiogopa garimoshi lililo kwenye reli zake.

Nilipofika Jumamosi, lango halikuwapo. Nguzo zilisimama peke yake. Seng'enge ya upande wa barabara ilikuwa imeng'olewa na kuviringishwa. Pipa la maji ya mvua halikuwapo, jembe la kukokotwa halikuwapo, mapanga, sufuria iliyotoboka aliyokuwa akinyweshea kuku, hata vile viatu vya farasi vilivyoachwa na mzungu ukutani. Mama aliketi barazani akimenya viazi kwa kipande cha chupa.

"Muulize baba yako," akasema. "Visu vyangu viko mtoni."

Baba alikuwa ameondoa kila kipande cha chuma shambani. Alikibeba chote mpaka ng'ambo ya kijito, akakirundika, akakikwangua, akakipaka mafuta machafu ya trekta na kukifunika kwa gunia. Alikuwa amekonda. Alinieleza kwa utulivu wa fundi anayejua kazi yake: kutu haianzi popote, huanzia pale rangi ilipochubuka, halafu hutembea. Ukiiwahi pale inapoanzia, behewa linapona. Alikuwa ameiwahi.

"Sasa imepungua, ama?" akaniuliza.

Kaka zangu wangecheka. Mimi sikuweza, kwa sababu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: baba alikuwa anaogopa. Yule aliyeinuka kwenda kutazama mlango kila nilipolia utotoni, alikuwa ameogopa mpaka akang'oa lango lake. Nikahisi ardhi imeinama kidogo.

"Twende tukasalimie," nikamwambia.

Tuliingia pamoja. Umande ulikuwa haujakauka na gauni langu lililoa mpaka magotini. Niligusa majani ya juu kwanza, yale mapana yaliyo karibu na suke, na yalikuwa safi. Safi kabisa. Nyuma yangu nilisikia baba akishusha pumzi, na pumzi ile ilinitisha kuliko kimya, kwa kuwa nilijua jani safi ni nini. Nikapiga magoti. Nikaitenga ngano kwa mikono miwili kama unavyotenga nywele za mtoto kutafuta chawa, nikatazama chini, kwenye shina.

Pale nilipotazama kwanza hapakuwa na kitu. Nikasogea. Hapakuwa na kitu. Nikaingia mpaka katikati, mahali ambapo wageni husimama na kusema hujambo, na hapo nikaviona. Vipele virefu, vimepasua ngozi ya shina, vimeacha kingo zake zikichomoza kama karatasi iliyochanwa. Nikatafuta pete ya kupauka. Niliitafuta shina baada ya shina, nikijua wazi ninachokitafuta ni huruma. Kwenye mashina machache niliiona, au nilitaka kuiona. Kwenye mengi haikuwapo. Nikaenda mpaka mwisho wa shamba, baba akinifuata hatua kwa hatua, na kule mwisho pia vilikuwapo.

Tulikuwa tumefundishwa kusoma bila kuonyesha uso, kwa sababu wakulima husimama nyuma yako. Nilijitahidi. Nikainuka polepole nikipanga nianze vipi. Lakini baba hakuwa anautazama uso wangu. Alikuwa anatazama vidole vyangu, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu.

"Hiyo naijua," akasema.

Akatia mkono mfukoni akatoa tambara lake. Miaka yote tangu aache reli alikuwa bado analibeba, na bado lilinuka mafuta ya taa. Akaushika mkono wangu wa kulia akaupangusa kidole kwa kidole, kisha wa kushoto, taratibu, kama mama alivyokuwa akimfanyia yeye. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na nililia pale katikati ya ngano bila aibu.

"Nikate?" akauliza.

Mashina yale machache yenye pete yalikuwa yananiita. Nikawaza, labda. Nikawaza, mche ni mtoto. Halafu nikasema, "Kata, baba."

"Uko na hakika?"

"Sina. Naogopa tu."

Alilikunja tambara akalirudisha mfukoni. Jumatatu, mama alinisimulia, alivuka kijito akarudi na mafyekeo, na yeye na jirani wa ng'ombe wakaanza upande wa chini.

Mteremko mzima ulicheka. Mzee wa reli amekata ngano mbichi kwa sababu binti yake ameota madoa! Kituo kilipeleka watu kuwaonya wakulima, na wachache walisikia, lakini wengi walitazama majani yao ya juu, wakayaona safi, wakasema ngoja kwanza tuone. Yule mchangamfu wa gazeti alikuwa mmoja wao.

Majuma yaliyofuata ndiyo mabaya kuliko yote niliyowahi kuyapitia. Shamba la baba lilikuwa mabua matupu, na pande zote mbili ngano ya majirani ilisimama ikianza kugeuka rangi, nzuri. Ikivunwa salama, basi nimemmaliza baba yangu. Isipovunwa, wamekwisha wao, watu walionikaribisha chai, watu waliokuwa na watoto. Nikajikuta siku moja njiani naomba kutu ije. Nilisimama palepale nikijisikiliza, na ombi lile likanitisha kuliko kutu yenyewe. Nilijaribu kulirudisha, lakini sikujua linarudishwaje.

Ilikuja. Ilikuja kama nne ijavyo, bila kujadiliana. Mashina yalivunjika, ngano ikalala, na aliyepita shambani alitoka na suruali nyekundu hadi magotini. Siku moja nikiwa nyumbani, yule bwana wa gazeti alifika kuomba majani makavu kwa ng'ombe wake mmoja, kama yapo. Alisimama kwenye nguzo za lango lisilokuwapo, akaona mabua ya baba, na kwa mazoea akaingia katikati akayasalimia. Baba alimkaribisha kivulini barazani, mama akaleta chai. Nilimtazama mama nikikumbuka methali yake. Ilisema kwa mwoga huenda kicheko. Kwetu siku ile hakucheka mtu.

Alipoondoka, na gunia la majani begani, baba alikaa akizungusha kikombe. "Kwa hiyo kazi yako kule," akasema hatimaye, "ni kuogopa mapema."

Sikuwahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi, na nikamwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akauliza kama iko mbegu nyingine. Nikasema ipo, imesoma kidoa cha sindano. Uso wake ukaanza kufunguka kama ile siku ya kuku, na mimi nikauwahi. Nikamwambia kidoa hicho ni cha kutu ya leo, baba. Ya kesho hakuna aliyeisoma. Ile ya kwanza nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Alinitazama sana.

"Na hii mpya, unaiogopa?"

"Naiogopa."

"Basi lete."